Mwaka 2018 mtaani Riruta: Vibao na filamu zilizoturejesha kwenye benchi moja

KILA mtu ana mwaka wake ambao akiukumbuka, kabla hajakumbuka bei ya unga wala kodi ya nyumba, husikia wimbo. Wazee wa mtaa wetu wa Riruta wana miaka yao ya santuri. Sisi wa rika la kati tuna miaka ya kanda za kaseti, zile tulizokuwa tukizirudisha nyuma kwa kalamu ili kuokoa betri za redio. Lakini nikiulizwa ni mwaka gani muziki na filamu zilifanya kazi kubwa kuliko kutuburudisha tu, sitasita kuutaja mwaka wa 2018.

Sisemi kwamba huo ndio mwaka uliozaa nyimbo tamu kuliko miaka mingine yote. Utamu ni wa mwenye sikio, na hata chini ya paa moja watu hawakubaliani. Ninachosema ni kwamba mtaani kwetu, mwaka huo, watu waliokuwa wameacha kusalimiana walijikuta wameketi pamoja tena, na aghalabu kilichowaketisha hakikuwa baraza la chifu wala mkutano wa wazee. Ilikuwa ni picha kwenye skrini au sauti kutoka kwenye spika.

Msomaji, huenda ukauliza: je, wimbo waweza kupatanisha watu? Twende polepole.

Kimya cha baada ya kura

Wengi watakumbuka jinsi mwaka wa 2017 ulivyokwisha. Tulipiga kura Agosti 8, Mahakama ya Juu ikafuta matokeo ya urais Septemba 1, nasi tukarejeshwa vituoni Oktoba 26 huku upande mmoja ukisusia. Mwishoni mwa mwezi huo Kawangware, ambayo ni jirani yetu wa pua na mdomo, ilikumbwa na ghasia. Vibanda viliteketezwa na damu ikamwagika. Watu waliokuwa wakikopeshana chumvi walianza kuulizana majina ya ukoo.

Riruta, Kawangware, Gatina na Satellite ni sehemu za watu waliochanganyika. Katika ploti moja yenye vyumba kumi na viwili utapata Mluhya, Mkikuyu, Mkamba, Mjaluo na Mkisii wakitumia bomba moja la maji na kamba moja ya kuanikia nguo. Ndiyo maana ghasia za aina hiyo huuma zaidi kwetu kuliko mahali ambapo kila kabila lina kilima chake. Hapa adui unayeambiwa umwogope ndiye aliyekubebea mtoto ulipokuwa mgonjwa.

Januari ya 2018 ilipoingia, hakuna aliyekuwa akirushiana mawe tena, lakini kulikuwa na kimya. Kinyozi alikuwa na wateja wa kabila lake. Muuza mboga hali kadhalika. Hata kibanda cha video kilicho karibu na barabara ya Naivasha, ambacho zamani kilijaa hadi vijana wakachungulia dirishani, kilikuwa na mabenchi matupu.

Machi 9 mwaka huo Rais Uhuru Kenyatta na Bw Raila Odinga walisalimiana kwenye ngazi za Harambee House, na magazeti yakaandika sana. Salamu hizo zilisaidia. Hata hivyo, viongozi wakishapeana mkono hurudi kila mmoja kwake Karen au Muthaiga. Walioachwa na kazi ya kuishi pamoja ni wale wa kamba moja ya nguo. Na hao, kwa maoni yangu, walisaidiwa zaidi na wasanii.

Wakanda yafika Kawangware

Filamu ya kwanza kututikisa ilikuwa Black Panther, iliyoongozwa na Ryan Coogler na kuanza kuonyeshwa duniani Februari 2018. Sababu ya Wakenya kuingia wazimu haikuhitaji kuelezwa: Lupita Nyong'o, binti yetu aliyeshinda tuzo ya Oscar mwaka wa 2014 kwa filamu ya 12 Years a Slave, aliigiza kama Nakia, jasusi wa nchi ya kubuni iitwayo Wakanda. Mjini Kisumu, ambako babake, Prof Anyang' Nyong'o, ni gavana, kulikuwa na maonyesho maalumu kabla filamu haijaenea.

Sisi wa Riruta tulikuwa na ukumbi wa sinema karibu sana, pale Junction kwenye Ngong Road. Ukitoka Satellite na kushuka hadi Dagoretti Corner, utafika kwa miguu. Lakini karibu kwa miguu si karibu kwa mfuko. Nilipopiga hesabu ya tikiti za watu watano, pamoja na bisi ambazo watoto wasingekubali kuzikosa, niliona ni unga wa mwezi mzima. Baba watoto alimchukua binti yetu mkubwa, aliyekuwa kidato cha tatu, kama zawadi ya kufanya vyema katika mtihani wa muhula. Sisi wengine tuliisubiri filamu ifike mtaani.

Nayo ilifika, kama zinavyofika zote. Haikuchukua muda kabla ya kibanda cha video kubandika karatasi mlangoni: kiingilio Sh20. Na hapo ndipo nilipoona jambo ambalo sitalisahau. Mabenchi yalijaa. Vijana wa upande wa Congo na wale wa upande wa Gatina, ambao tangu Oktoba walikuwa wakikwepana, waliketi bega kwa bega kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine. Shujaa alipoangushwa kutoka kwenye maporomoko ya maji, wote walishika vichwa. Aliporudi, wote waliruka. Mzee mmoja muuza makaa alisema kwa sauti, "Huyo msichana ni wetu!" na hakuna aliyemuuliza, "Wetu nani?"

Kwa wanafunzi wanaopenda kujua, filamu hiyo ilivuna zaidi ya dola bilioni 1.3 kote duniani. Februari 2019 ilitwaa tuzo tatu za Oscar: ya mavazi, ya mapambo ya mandhari na ya muziki. Mtunzi wa muziki wake, Ludwig Göransson kutoka Sweden, alifunga safari hadi Senegal akajifunza kutoka kwa mwanamuziki Baaba Maal, na sauti unayoisikia Wakanda inapoonekana kwa mara ya kwanza ni ya Baaba Maal mwenyewe. Lugha ya Wakanda nayo haikubuniwa. Ni Kixhosa cha Afrika Kusini. Mwigizaji mkuu, Chadwick Boseman, alifariki Agosti 2020 kwa saratani, na siku hiyo nilimwona kijana wangu akilia kana kwamba amefiwa na mjomba.

Kibao cha matatu na swali la mtoto

Nikija kwenye muziki, yafaa nieleze kwamba sisi wa Kawangware na Riruta hatuchagui nyimbo. Nyimbo hutuchagua sisi. Ukipanda matatu ya nambari 46 asubuhi, mpaka ufike mjini umekwisha kusikiliza kile ambacho utingo na dereva wamekipenda, uwe umekipenda au hukukipenda.

Mwaka huo ulikuwa wa Watanzania kwa kiasi kikubwa. Diamond Platnumz alikuja Nairobi mwezi Machi kuzindua albamu yake ya A Boy from Tandale, jambo lililowafurahisha Wakenya kwani aliuacha mji wake akaja kuizindua kwetu. Kisha Harmonize akishirikiana na huyo huyo Diamond wakatoa Kwangwaru. Sijui niseme nini kuhusu kibao hicho. Kilipigwa harusini, kilipigwa mazishini watu walipokuwa wakirudi, kilipigwa na wauza simu, na watoto wa chekechea walikicheza wakielekea chooni. Mwezi Mei jirani yangu wa chumba cha pili, mama ambaye hakuwa amenisemesha tangu uchaguzi, alinikuta nikifua huku mguu wangu ukifuata mdundo. Akacheka. "Hata wewe, mama?" akaniuliza. Ndiyo yaliyokuwa maneno yake ya kwanza kwangu kwa miezi saba.

Ndipo vijana wa kwetu nao wakajibu. Kundi la vijana wanne kutoka Umoja liitwalo Ethic, yaani Rekles, Swat, Seska na Zilla, lilitoa Lamba Lolo. Video yake ilipigwa mtaani, bila magari ya kifahari wala majumba ya kukodisha, na Sheng yake ilikuwa ile ile inayozungumzwa nyuma ya ploti zetu. Mtindo huo baadaye uliitwa gengetone, ukitukumbusha genge ya akina Jua Cali na Nonini ya miaka ya 2000.

Hapa wazazi wenzangu watanielewa. Binti yangu mdogo, aliyekuwa na umri wa miaka minane, aliimba kiitikio chake akiosha vyombo. Kisha akaniuliza, "Mama, kwani lolo ni ile peremende?" Nilimjibu kwamba ndiyo, ni peremende, na nikamwomba aimbe wimbo mwingine. Lakini dadake mkubwa alikuwa akisikiliza, na jioni tukakaa sisi wawili tukazungumza kwa uwazi juu ya maneno ambayo yamevaa nguo za maneno mengine. Yalikuwa mazungumzo mazuri kuliko yote niliyowahi kuwa nayo na binti huyo. Nyimbo za mafumbo hazikuanza na vijana wa Umoja. Taarab ya pwani imejaa mafumbo tangu enzi za Siti binti Saad. Tofauti ni kwamba zamani mtoto hakuwa na simu mkononi.

Serikali nazo zilikuwa macho. Nchini Tanzania, Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, lilipiga marufuku wimbo Mwanza wa Rayvanny na Diamond mnamo Novemba, na walipouimba tena jukwaani mwezi uliofuata wakazuiwa kufanya maonyesho. Marufuku hiyo ilifanya nini mtaani kwetu? Iliufanya wimbo huo utafutwe na hata wale ambao hawakuwa wakijua kuwa upo.

Kijana wangu wa darasa la saba, yeye hakutaka mapenzi wala dansi. Alitaka Khaligraph Jones, ambaye mwaka huo alitoa albamu ya Testimony 1990 akisimulia maisha aliyoyapitia Kayole. Niliisikiliza nikiwa napiga pasi. Sikupenda maneno yote, lakini nilielewa kwa nini mtoto wa Riruta amsikilize mtu wa Kayole akimwambia kwamba mtaa si hukumu.

Wimbo uliotushika ukosi

Ikiwa ni lazima nichague wimbo mmoja wa mwaka, basi ni Tujiangalie wa Sauti Sol wakishirikiana na Nyashinski. Miezi michache kabla yake walikuwa wametoa Short N Sweet, kibao cha kucheza ambacho kilikuwa na mtindo wake wa miguu, na kila mwanafunzi aliujua. Tulidhani wataendelea hapo hapo. Badala yake wakatuletea wimbo wa taratibu unaowataka Wakenya wajitazame wenyewe: madeni ya taifa, ufisadi, na wananchi ambao hulaumu viongozi waliowachagua kwa mikono yao.

Wimbo ulifika wakati wake. Mwezi Mei sakata jipya la mabilioni ya pesa za Huduma ya Vijana kwa Taifa, NYS, lilikuwa limefichuka. Mwezi Septemba kodi ya mafuta ilianza kutozwa kwa asilimia 16, ikapunguzwa hadi asilimia 8 baada ya kelele, na nauli zilikuwa zimekwisha panda. Mtu akiketi ndani ya matatu, amelipa nauli ya juu, kisha asikie wimbo huo, hucheki wala huchezi. Unatazama dirishani.

Nilichokipenda ni kwamba haukusema "wao." Nyimbo nyingi za siasa huelekeza kidole upande wa pili, na msikilizaji wa upande wa pili huzima redio. Huu ulisema "sisi." Katika mtaa ambao mwaka mmoja nyuma uligawanyika kati ya "sisi" na "wao," neno hilo moja lilikuwa dawa. Fundi wa viatu wa kona yetu aliupiga kila asubuhi, na wateja wake walirudi kuwa wa kila kabila.

Sauti Sol walitangaza mwaka wa 2023 kwamba wanapumzika kama kundi, wakaagana na mashabiki Novemba ya mwaka huo. Harmonize aliondoka Wasafi mwaka wa 2019, Rayvanny akafuata 2022. Makundi huvunjika, lakini wimbo hauulizi kama waliouimba bado wanazungumza.

Msichana aliyetaka kuruka angani

Sasa nifikie filamu iliyokaa moyoni mwangu kuliko zote za mwaka huo, nayo haikutoka Hollywood. Inaitwa Supa Modo, na iliongozwa na Likarion Wainaina.

Ni hadithi ya Jo, msichana wa umri wa miaka tisa, aliyeigizwa na Stycie Waweru. Jo ni mgonjwa na hatapona. Mamake, aliyeigizwa na Marrianne Nungo, anamtoa hospitalini na kumrejesha kijijini ili akae naye siku zilizobaki. Mtoto huyo anapenda filamu za mapigano na za mashujaa wenye nguvu za ajabu, na ndoto yake ni kuwa mmoja wao. Dadake Mwix anaamua kumfanya aamini kwamba nguvu hizo anazo. Kidogo kidogo kijiji kizima kinaingizwa katika siri hiyo, hadi wanakijiji wanaamua kumtengenezea filamu yake mwenyewe. Mwisho wake sitauleta hapa. Utafute ujionee.

Filamu hiyo ina dakika 74 tu. Wahusika wanachanganya Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza vile vile tunavyochanganya sisi. Na ndani yake kuna kitu ambacho sikuwahi kukiona katika filamu yoyote kubwa: kibanda cha video kama chetu, chenye mtu anayesimama mbele na kueleza filamu ya kigeni kwa lugha ya watu. Nani wa mitaa yetu hajamsikia DJ Afro akimfanya Mchina au Mmarekani azungumze kama mtu wa River Road? Waganda wana mabingwa wao wanaoitwa VJ. Watu wa vitabu hucheka kazi hiyo, lakini mama yangu mzazi, asiyejua Kiingereza, aliijua hadithi ya Black Panther kutoka mwanzo hadi mwisho kwa sababu ya watu kama hao. Supa Modo haikuwacheka. Iliwapa heshima.

Filamu hii ina mizizi karibu nasi kuliko wengi wanavyojua. Ilitokana na mradi wa One Fine Day Films, ambao mwelekezi Mjerumani Tom Tykwer na mkewe Marie Steinmann walikuwa miongoni mwa waanzilishi wake, na kazi yao hapa nchini ilianza na mafunzo ya sanaa kwa watoto wa Kibera. Filamu yao ya kwanza, Soul Boy ya 2010, iliyoongozwa na Hawa Essuman, ilipigwa Kibera kwenyewe. Baadaye ikaja Nairobi Half Life ya 2012, ya Tosh Gitonga, iliyokuwa ya kwanza kuwasilishwa na Kenya kuwania Oscar ya filamu za kigeni. Supa Modo nayo ilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika tamasha la Berlin Februari 2018, ambako jopo la watoto liliitaja kwa heshima, na mwaka huo huo ikachaguliwa kuiwakilisha Kenya katika kinyang'anyiro cha Oscar.

Sisi tuliitazama sote watano. Niliweka akiba ya pesa za chama kwa miezi miwili, na nikamwalika yule jirani wa chumba cha pili pamoja na mwanawe. Tulipotoka nje, mvulana wangu alijifanya ana kitu machoni. Jirani yangu alinishika mkono. Hakusema lolote kuhusu Oktoba, wala mimi sikusema. Lakini sote wawili tulikuwa tumekwisha kuona kijiji kizima kikiungana kwa ajili ya mtoto mmoja, na mtu hawezi kuliona jambo hilo kisha arudi nyumbani akaendelea kununa kwa sababu ya sanduku la kura.

Siku saba za Rafiki

Mwaka wa 2018 hauwezi kusimuliwa bila kutaja Rafiki ya Wanuri Kahiu. Iwe uliiunga mkono au uliipinga, ilizua mjadala katika kila nyumba. Filamu hiyo, iliyotokana na hadithi fupi ya Mganda Monica Arac de Nyeko, inasimulia juu ya wasichana wawili wa Nairobi wanaopendana, huku baba zao wakiwa wapinzani katika siasa. Ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes, Ufaransa. Wakati huo huo Bodi ya Kuainisha Filamu, ikiongozwa na Dkt Ezekiel Mutua, iliipiga marufuku mwezi Aprili.

Wanuri alikwenda mahakamani. Septemba 21, Jaji Wilfrida Okwany alisitisha marufuku hiyo kwa siku saba, filamu ionyeshwe kwa watu wazima, ili iweze kutimiza masharti ya kuwania Oscar. Foleni zilizoonekana pale Prestige, Ngong Road, zilikuwa za kushangaza kwa filamu ya Kenya. Mwishowe aliyechaguliwa kutuwakilisha alikuwa Jo wa Supa Modo.

Nyumbani kwetu hatukuafikiana. Baba watoto aliona bodi ina haki ya kulinda maadili. Binti yetu alisema mtu mzima hawezi kuchaguliwa cha kutazama. Mama yangu aliuliza kama wale wasichana wana wazazi wa kuzungumza nao. Sikuamua nani mshindi. Nilifurahi tu kwamba watu wa vizazi vitatu wameketi mezani wakibishana juu ya filamu ya Kenya, na hakuna aliyeinuka kwa hasira. Sisi tuliokuwa tumetoka kubishana kwa moto na mawe tulihitaji mazoezi ya kubishana kwa maneno.

Kwaheri ya Kamaru

Oktoba 3 ikaja habari kwamba Joseph Kamaru amefariki. Gwiji huyo wa muziki wa Kikuyu, aliyezaliwa Kangema, Murang'a, mwaka wa 1939, aliimba mapenzi, maadili na siasa kwa zaidi ya nusu karne. Wimbo wake juu ya mauaji ya mwanasiasa J.M. Kariuki ya mwaka wa 1975 ulikuwa wa ujasiri wakati ambapo watu walinong'ona.

Jioni hiyo shosho wa ploti yetu aliketi nje na redio yake ndogo, idhaa ya Kikuyu ikipiga nyimbo za Kamaru mfululizo. Yule fundi wa viatu, ambaye kwao ni Vihiga, alifunga kazi akaja kuketi kando yake. Akamwomba amweleze maneno. Shosho akawa anasikiliza ubeti, anaueleza kwa Kiswahili, kisha wanacheka. Watoto wakajisogeza. Hadi giza linaingia walikuwa watu wapatao kumi na watano, wengi wao wasiojua Kikuyu.

Wanafunzi watapenda kujua kwamba Kamaru ana mjukuu mwenye jina lilo hilo, ajulikanaye kama KMRU, ambaye amevuma Ulaya kwa muziki wa mitambo na amekuwa akizitoa upya kazi za babu yake. Mti mkuu ukigwa, wana wa ndege huyumba; lakini wengine huokota mbegu.

Wiki ambayo nyimbo zilinyamaza

Novemba 12 serikali ilianza tena kutekeleza kwa ukali zile Sheria za Michuki za usalama barabarani. Matatu nyingi hazikutoka, na maelfu ya watu wa Nairobi walitembea. Sisi tuliteremka Valley Road kwa miguu, watu wa Kawangware na wa Riruta, msafara mrefu wenye viatu vya kazini mkononi.

Hapo niligundua jinsi mji ulivyo mkimya bila matatu. Kisha kijana mmoja aliyekuwa mbele akatoa simu, akaiweka sauti ya juu kabisa. Kilikuwa ni Kwangwaru. Wenye kuchoka wakatabasamu, wengine wakaitikia. Hakuna aliyeuliza kijana huyo ni wa wapi.

Orodha yetu ya 2018

Mwezi Desemba tuliandika orodha ya familia na kuibandika ukutani karibu na kalenda. Hii hapa:

Wimbo wa mwaka (mama): Tujiangalie.
Wimbo wa mwaka (kura ya wengi): Kwangwaru.
Wimbo uliozimwa mara nyingi: Lamba Lolo.
Albamu (kijana): Testimony 1990.
Filamu ya kigeni: Black Panther.
Filamu ya mwaka (bila kupingwa): Supa Modo.

Tangu hapo tumeiandika kila Desemba, na nakushauri wewe msomaji ufanye vivyo hivyo. Utajua watoto wako wanasikiliza nini, nao watajua wewe si jiwe. Muulize bibi pia, hata kama wimbo wake ni wa mwaka wa 1960.

Ombi langu la mwisho ni kwa mfuko. Filamu kama Supa Modo haiwezi kuishi kwa sifa pekee. Tulipe kiingilio pale tunapoweza, tuchukue wimbo wa msanii wetu kwa njia halali badala ya kuuomba kwenye flashi ya mtu, na tukisikia kuna filamu ya Kenya karibu, twende. Wasanii hawa hawakulipwa na serikali wala na chama chochote kuja kutupatanisha. Walifanya kazi yao vizuri, basi, na sisi wa ploti tukapata sababu ya kusogeza viti. Uchaguzi huja kila baada ya miaka mitano. Kabla haujafika mwingine, ni vyema tujue mapema ni wimbo gani sote tunaujua kwa moyo.